Jinja na Mbale: Jinsi ya kutandaza mipira ya matone katika bustani ya nyumbani, hata kama umepanga

Mvua za Novemba zikishakatika, bustani nyingi za nyuma ya nyumba hapa Jinja hukauka kabla ya Krismasi. Sukuma wiki hulegea saa sita mchana, dodo hutoa mbegu ikiwa bado fupi, na mama wa nyumba anarudi sokoni kununua mboga kwa fedha aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya kodi. Mbale nako kiangazi huingia Desemba na kuendelea hadi Februari au Machi. Kwa familia ya wakimbizi inayoishi mjini hilo si jambo dogo. Huku hakuna kipande cha shamba cha kugawiwa kama kule Nakivale au Kyangwali, na kwa kawaida hakuna mgao wa chakula. Unapanga chumba, unapata ua wa hatua chache, na maji unayanunua kwa jerikeni.

Umwagiliaji wa matone hupeleka maji kwenye shina la mmea polepole, badala ya kuyamwaga kwa beseni yakaishia njiani. Si jambo geni Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1990 taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, KARI, ilianza kueneza vifaa vya ndoo vilivyobuniwa na Mmarekani Richard Chapin: ndoo ya lita 20 iliyoinuliwa mita 1 kutoka ardhini, mipira miwili ya mita 15 kila mmoja, na mimea ya mboga kama 100. Hakuna pampu wala umeme. Kwa maoni yangu mpango huo bado ndio unaomfaa mpangaji kuliko vifaa vingi vya bei kubwa vinavyoonyeshwa madukani.

Lakini kuwa na mipira ni jambo moja, kuitandaza ni jingine. Ukiitandaza vibaya, miche iliyo karibu na tanki itaoza mizizi na ile ya mwisho itakufa kwa kiu, na maji uliyolipia yatakuwa yameisha.

Hesabu jerikeni kabla ya kuhesabu mita

Katika jua kali la Januari, mita 1 ya mraba ya mboga zilizokomaa huhitaji takriban lita 4 hadi 5 za maji kwa siku. Kwa hiyo jerikeni moja ya lita 20, au bidoni kwa sisi tuliotoka Kongo, inatosha mita 4 hadi 5 za mraba. Miche michanga hunywa karibu nusu ya hapo. Jiulize kwanza: kila siku, baada ya kupika, kuoga na kufua, nyumba yako inaweza kutoa jerikeni ngapi kwa bustani? Kama ni mbili, bustani yako ya kiangazi ni mita 8 hadi 10 za mraba. Hilo ni tuta moja la upana wa mita 1 na urefu wa mita 8 au 10. Usitandaze mita 40 za mpira eti kwa sababu muuzaji amekupunguzia bei.

Maji ya bomba ya NWSC na ya chemchemi iliyojengewa ndiyo yanayosumbua mipira kidogo zaidi, kwa kuwa hayana uchafu mwingi. Maji ya mvua uliyokinga kutoka kwenye bati ni mazuri ukiyachuja majani. Wanaoishi karibu na Masese au kando ya Nile huchota ziwani au mtoni, na hapo nina onyo. Maji ya Ziwa Victoria yana kichocho, na vijidudu vyake huingia mwilini kupitia ngozi unaposimama majini. Usiingie majini na jerikeni, na usiwatume watoto kufanya hivyo. Chota ukiwa juu ya jiwe au ubao, maji yasikuguse. Maji yakikaa siku 2 kamili katika chombo kilichofunikwa, kisicho na konokono, vijidudu hivyo hufa. Basi yaache yalale kabla hujayatia kwenye bustani utakayoishika kwa mikono. Kwa Mbale tatizo ni jingine: mito inayoshuka kutoka Mlima Elgon huleta tope jingi kila mvua inaponyesha, na tope hilo ukilitia kwenye mipira siku ile ile, matundu yataziba.

Kimo cha tanki na mteremko wa ua

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, nami nikiwemo.

Maji ya ndoo hayana pampu ya kuyasukuma. Kinachoyasukuma ni kimo tu: tofauti kati ya uso wa maji ndani ya tanki na tundu la mpira kule chini. Kimo cha mita 10 hutoa msukumo wa baa 1. Kimo cha mita 1 hutoa baa 0.1 tu, yaani sehemu moja ya kumi. Mipira mingi inayouzwa imepimwa kiwandani kwa baa 1, kwa hiyo ukiambiwa kila tundu linatoa lita 1.6 kwa saa, kwenye ndoo yako tarajia takriban nusu lita. Mpira haujaharibika, ndivyo unavyofanya kazi. Mita 30 zenye tundu kila sentimita 30 zina matundu 100, na kwa mwendo huo jerikeni moja huisha kwa muda usiozidi nusu saa.

Mwaka wangu wa kwanza Bugembe niliuziwa vidonge vya matone vya aina ambayo hutoa maji sawasawa hata mlimani. Muuzaji alivisifia sana. Nilivifunga, nikajaza pipa, nikakaa kwenye kigoda kungoja. Halikutoka hata tone. Baadaye fundi mmoja alinieleza kwamba ndani yake kuna kipande cha mpira kinachohitaji msukumo wa pampu ili kifunguke. Vile ni vya mashamba makubwa. Ukienda dukani, uliza swali moja: "Hii inafanya kazi kwa tanki la mita 1, bila pampu?" Kama muuzaji hana uhakika, mwombe akujaribie hapo hapo kwa ndoo, au uende kwingine.

Sasa mteremko. Mpira wa matone unatakiwa ulale sawa, ukiukata mteremko kwa upana, kama vile wakulima wa Elgon wanavyochimba makinga maji yao. Mpira mkuu, ule unaotoka kwenye tanki, ndio unaoweza kushuka na mteremko. Kamwe usiupandishe mpira wa matone mlima. Kama tanki lako lina kimo cha mita 1 na mwisho wa mpira umepanda sentimita 20, umepoteza sehemu ya tano ya msukumo. Kama tanki liko nusu mita tu, umepoteza karibu nusu yake.

Kuna hasara nyingine ambayo macho hayaioni haraka. Mpira wa kipenyo cha milimita 16 hubeba takriban lita 0.2 kwa kila mita. Mita 30 zimeshika lita 6. Ndoo ikiisha, lita hizo 6 hazibaki zimesimama. Huteremka zote na kutokea kwenye matundu ya chini kabisa. Yaani karibu theluthi ya jerikeni yako inaenda kwa mimea michache iliyo bondeni. Ndiyo maana katika ua wenye mteremko unaona kona moja ina majani ya kijani kibichi na kona nyingine imekuwa njano, na watu wanadhani ni udongo.

Ua wa Walukuba au Mpumudde unaweza kuonekana tambarare kumbe hauko hivyo. Njia rahisi ya kupima ni ile ya mafundi wa nyumba: mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji hadi mapovu yote yatoke. Pigilia vijiti viwili, kimoja mwanzo wa tuta na kingine mwisho. Mtu mmoja ashike ncha moja kwenye kijiti cha kwanza, mwingine kwenye cha pili. Maji yakitulia, usawa wake ni mmoja pande zote mbili. Pima kutoka kwenye maji hadi ardhini kila upande. Ukipata sentimita 60 huku na 75 kule, upande wa pili uko chini kwa sentimita 15. Zungusha mwelekeo wa tuta mpaka tofauti iwe ndogo kabisa. Kazi hii inachukua saa moja na haina gharama, maana fundi wa jirani atakuazima mpira wake. Kwa wanaoishi chini ya Wanale, Mbale, ambako ua unaweza kuwa na mteremko unaoonekana kwa macho, msiache hatua hii.

Kutandaza

Tayarisha tuta kwanza. Samadi iwe imeiva na imechanganyika na udongo, mawe na vigae vya chupa viwe vimetolewa, na uso wa tuta uwe sawa. Mpira ukipita juu ya bonde na kilima, hata vya sentimita chache, utajaza hewa katika vilima na uchafu katika mabonde.

Weka tanki katikati ya urefu wa tuta kama ua unaruhusu, si mwishoni. Badala ya mpira mmoja wa mita 16 utakuwa na miwili ya mita 8, mmoja kulia na mmoja kushoto, na mimea ya mwisho itapata karibu sawa na ya mwanzo. Kwa tanki la mita 1, mpira usizidi mita 15. Mimi naona mita 10 ni salama zaidi.

Jerikeni inaweza kukaa juu ya matofali au meza ya miti. Pipa la lita 200 ni habari nyingine: likijaa lina uzito wa kilo 200, na watoto hucheza chini yake. Usilipandishe kwenye vijiti vinne. Lijengee jukwaa la matofali la nusu mita, ukubali msukumo mdogo, na ufupishe mipira. Koki ifungwe sentimita 5 juu ya kitako cha chombo ili tope libaki chini. Pale koki inapoingia, kata duara la mpira wa ndani wa baiskeli uweke pande zote mbili kuzuia kuvuja. Jerikeni la njano hupitisha mwanga na ndani yake huota ukijani. Lifunike kwa gunia au ulipake rangi nyeusi. Mdomo wa chombo ufungwe kwa kitambaa au wavu, la sivyo utafuga mbu.

Kati ya koki na mpira mkuu weka chujio. La dukani ni bora, kwa sababu linafunguka na kuoshwa. Kama huna, kitambaa cha nailoni mara mbili mdomoni mwa chombo ni nafuu, ingawa hakizuii kila kitu.

Mpira wa matone uutoe kwenye roli kwa kuuzungusha, watu wawili, si kwa kuuburuta juu ya udongo. Uache juani nusu saa ulainike. Matundu yaangalie juu. Watu wengi huyaelekeza chini wakidhani ndiko mizizi iliko, lakini uchafu hutuama upande wa chini wa mpira na tundu la chini ndilo huziba la kwanza. Usiukaze kama kamba ya nguo. Plastiki hulegea mchana na kujikunja usiku, kwa hiyo bakiza sentimita 20 kila ncha. Ushikilie kwa vijiti vya umbo la ndoana, au waya uliokunjwa, kila baada ya mita 2.

Kabla ya kufunga ncha, fungua koki uache maji yapite hadi yatoke safi. Kisha kunja ncha mara mbili na kuichomeka ndani ya kipande kifupi cha mpira huo huo, kama pete. Usiichome kwa moto. Ncha hiyo utaifungua kila wiki.

Kuhusu nafasi za mimea: mpira wenye tundu kila sentimita 30 unafaa nyumbani. Nyanya, biringanya na sukuma wiki zipande kila tundu la pili. Katika matundu yaliyobaki weka dodo, ile lengalenga yetu, au nakati, ambazo utazivuna kabla kubwa hazijatanua majani. Vitunguu vinaweza kukaa mistari miwili, mmoja kila upande wa mpira. Lakini kwanza ujue udongo wako. Fungua maji saa moja, kisha chimba kidogo kando ya tundu uone unyevu umefika wapi. Udongo mzito wa mfinyanzi huyasambaza maji pembeni; wa mchanga huyashusha chini moja kwa moja, na mche ulio mbali na tundu kwa kiganja kimoja hauoni kitu. Funika tuta lote kwa nyasi kavu au majani ya migomba, mpira ukiwa chini yake. Jua halitauchoma mpira, na maji hayatapotea hewani.

Jaribio la vikombe

Usipande siku ile ile. Chimba vishimo vitatu chini ya mpira: karibu na tanki, katikati na mwisho. Weka katika kila kishimo kikombe cha aina moja, geuza tundu lidondoke ndani, fungua maji dakika 15. Linganisha. Kama kikombe cha mwisho hakifiki robo tatu ya kile cha kwanza, kuna kosa, na ni nafuu kulijua sasa kuliko Januari. Angalia mteremko kwanza, kisha urefu wa mpira, kisha chujio. Mara nyingi ni mteremko.

Kile ambacho hupaswi kupitisha

Maji ya sabuni na maji ya samadi yasiingie kwenye mipira. Yatumie kwa mkono kwenye migomba au kwenye mboji. Na tafadhali, usiokote mipira ya dripu iliyotupwa na zahanati. Nimeiona ikitumika. Ni takataka za hospitali, zina damu na sindano za watu, na hakuna mboga yenye thamani hiyo. Asiye na fedha ya mpira atoboe tundu dogo katika kifuniko cha chupa ya plastiki, akate kitako, aichomeke kichwa chini kando ya mche na kuijaza maji asubuhi na jioni. Kwa nyanya 10 inatosha kabisa.

Kuhusu fedha, roli nzima ya mpira wa matone ina mamia ya mita, na muuzaji huwa hapendi kukata vipande. Familia tano au sita zikichanga, mita 20 kila nyumba, bei hushuka sana. Changeni na majirani wenyeji pia, Wasoga wa huku na Wagisu wa Mbale. Kiangazi kinakausha ua wao kama wetu, na wao ndio wanaojua duka gani linauza nini. Ulizeni unene wa mpira: wa milimita 0.2 ni rahisi lakini kuku na panya huumaliza kwa msimu mmoja. Penye kuku nunueni mnene zaidi.

Unapohama

Mpangaji hawezi kujenga kama mwenye nyumba. Kabla ya kuanza, ongea naye. Mwambie hutachimba mtaro wala kutoboa ukuta, kwamba kila kitu kinakaa juu ya udongo na kitaondoka nawe. Andikeni karatasi fupi inayotaja tanki, koki na mita za mpira kuwa ni mali yako, mweke sahihi, na ikiwezekana mwenyekiti wa LC1 aishuhudie. Najua watu walioacha mipira yao nyuma kwa sababu siku ya kuondoka hapakuwa na ushahidi, na mabishano yalikuwa makali kuliko thamani ya mpira wenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo usifukie mpira mkuu, hata kama majembe ya watoto yanaukata mara kwa mara. Uliokatika unaungwa kwa kiungo kimoja, uliofukiwa unabaki.

Mvua zikirudi, itoe mipira, hasa ninyi wa mabondeni Mbale. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika usiku na kuchukua vitu vizito kuliko mpira wa plastiki. Fungua ncha zote, pitisha maji safi, inua upande mmoja yatoke yote. Viringa mpira katika duara lenye upana wa beseni la kufulia, bila kuukunja pembe. Funga mahali patatu kwa vipande vya mpira wa baiskeli, utundike juu ndani ya nyumba, mbali na panya na jiko. Chujio na viungo vitie kwenye mfuko mmoja na uufunge kwenye roli hilo hilo, maana siku ya kuhama vitu vidogo ndivyo hupotea kwanza.